Jalada Lisilomsema Mtu

Mimi ni mwimbaji wa taarabu, na mume wangu ni fundi rangi. Tunakaa Mtopanga, katika nyumba niliyoachiwa na mamangu, yenye ua mpana kuliko vyumba vyake vyote. Kwa miaka mingi kazi zetu hazikujuana. Yeye akienda kupaka kuta za watu, mimi nikienda kuimba kwenye harusi za watu, na tukirudi tukila pamoja, yeye ananuka mafuta ya taa na mimi nanuka udi.

Mume wangu ni mtu wa bara. Alikuja Mombasa kutafuta kazi bandarini, akaikosa, akashika brashi. Alisilimu kabla hajanijua. Nalisema hili kwa sababu wako wanaosema vingine, na wanajijua. Kiswahili alikuja nacho kutoka kwao, kikavu kama mkate wa juzi, nami nikaichukua kazi ya kukilowesha. Mpaka leo hakijalowa vizuri.

Siku moja, ndoa yetu bado changa, nilikuwa uani nachambua mchicha nikaona kenge mkubwa anapanda ukuta. Nikamwita mume wangu aje amwone. Sasa sisi watu wa Mombasa wa asili hatusemi njoo, tunasema ndoo. "Ndoo!" nikapiga ukelele. "Ndoo hima!" Nikasikia kishindo ndani, mara akatokea anakimbia na ndoo mkononi. Ilikuwa ndoo ya rangi ya buluu aliyokuwa akiikoroga kwa ajili ya chumba cha mteja, na ilikuwa na ufa chini. Akasimama mbele yangu anahema.

"Ndoo ndio hii," akasema. "Moto uko wapi?"

Kenge alikuwa ameshaondoka zake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mchicha ukamwagika. Lakini mume wangu hakucheka. Alikuwa amegeuka kutazama alikotoka. Buluu ilikuwa imechora mstari kutoka mlangoni, ukapita juu ya kandambili zangu, ukazunguka jiwe la kufulia, na pale alipomruka paka ukapasuka matone matone.

"Hebu angalia," akasema polepole. "Inaonyesha vile nimekimbia."

Basi hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanza. Akawa anarudi kazini na mabaki ya rangi, mkebe huu una robo, ule una kijiko. Anaokota vipande vya plaiwudi kwa maseremala, anavilaza uani, anatoboa mkebe kwa msumari, anaufunga kamba, kisha anautembeza hewani huku rangi inashuka kwa uzi mwembamba. Huzunguka ule ubao akiinama na kuinuka, mara anayumbisha mkono, mara anasimama na kuacha matone yadondoke moja moja. Brashi haigusi kitu. Mwanamume mzima, ametoka kupaka kuta tangu asubuhi, mapumziko yake ni kumwaga rangi chini. Kuku wangu walitembea na miguu ya kijani. Jirani yangu auzaye mahamri na mbaazi, ambaye dirisha lake laona uani kwangu, aliniuliza kwa sauti ya huruma kama mume wangu anasikia vizuri kichwani.

Mimi mwenyewe sikuzielewa zile picha. Kwetu mtu akikuona na leso mpya hakuulizi umeinunua wapi. Anauliza, yasemaje? Kwa maana leso ina maua yake na ina maneno yake, na yale maneno tunayaita jina, na jina ndilo hasa unalolinunua. Waweza kumtukana jirani mwezi mzima bila kufungua mdomo, ukijua kuchagua leso. Kwa hiyo nilipomaliza kuutazama ubao wa kwanza, buluu na nyeupe na wekundu kidogo, vimepitana kama nyuzi zilizochezewa na paka, nikamwuliza mume wangu, yasemaje?

"Haisemi kitu, mama."

"Kitu kisichosema chafaa nini?"

Akafikiri. "Kinapendeza," akasema. Nikamwachia ua wake.

Sasa nieleze habari ya shoga yangu, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Tulilelewa mtaa mmoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, tukafinywa masikio na mwalimu mmoja. Nilipoanza kuimba, yeye ndiye aliyekuwa sikio langu. Kila wimbo mpya niliuimba kwanza jikoni kwangu, yeye amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na nikimaliza ananiambia ukweli wake. Ubeti wa pili mrefu, utatulaza. Hapo umebana pua. Hapo sawa, hapo roho imenitoka. Harusini nikisimama jukwaani humtafuta yeye kwanza kwa macho, nikishampata sauti inatulia.

Kwa wasioijua taarabu yetu, wimbo hauna mwenyewe mpaka mtu ainuke. Mwanamke anainuka kuja kunituza na noti yake juu, akicheza, na akipita mbele ya mtu fulani na kumpungia ile noti usoni kabla ya kunifikia, basi wimbo umeshakabidhiwa mtu. Yule mtu ajue ndiye anayesemwa. Vigelegele vinapigwa, na aliyekabidhiwa atachagua mwenyewe kucheka au kununa.

Miaka mitatu iliyopita niliimba wimbo wa mwanamke anayebadilisha mapazia huku paa lake linavuja. Wallahi sikuutunga mimi. Niliununua kwa mtunzi mmoja wa Likoni, mzee anayeogopa feri, Kisauni yetu hii anaisikia kwenye redio tu. Lakini wiki ile shoga yangu alikuwa ametia mapazia mapya, ya dhahabu yenye mashada, na mvua za mwezi ule zilikuwa zimemwingilia ndani mpaka kitandani. Mimi nikasimama, nikamtafuta kwa macho kama kawaida yangu, nikampata, nikaimba. Ukumbi mzima ukafuata macho yangu. Mwanamke mmoja akainuka na noti, akapita mbele ya shoga yangu, akampungia. Vigelegele. Shoga yangu akachukua mkoba wake, akatoka.

Alikata mguu kwangu siku ile. Nilimtuma mtu wa kati amweleze, naye akarudi na jibu moja tu: "Mwambie paa langu n'shalitengeneza." Nami nikakasirika. Nikaona sitaomba radhi kwa kosa la mzee wa Likoni. Tukawa tunapishana njiani kila mmoja anatazama ukuta wa upande wake. Niliendelea kuimba, watu wakaendelea kunituza, lakini hapakuwa na mtu wa kuniambia ubeti wa pili mrefu. Nilimkosa mpaka mkono wangu ukawa mzito kuitoa mbuzi ya nazi pale alipokuwa akikaa.

Ndipo likaja jambo la santuri. Fundi mmoja wa sauti, mwenye studio yake Changamwe nyuma ya maghala, alinirekodi nyimbo nane. Ilikuwa lazima tunyamaze kila matrela ya bandarini yakipita. Moja lilituponyoka likaingia kwenye wimbo wa tatu, tukaliacha kwa sababu lilipatana na ngoma. Alipomaliza akaniambia wako watu ng'ambo wanaopenda taarabu ya aina yangu, watazitoa nyimbo zile kwenye santuri.

"Santuri?" nikamwambia. "Santuri si zilikufa na baba yangu?"

"Zimefufuka, mama."

Zingetoka pia kwenye simu, kama vitu vyote siku hizi. Lakini kote kuwili, kwenye simu na kwenye santuri, lazima pawe na picha ya jalada. Picha gani nataka?

 Nilijua jambo moja: jalada litafika kwa shoga yangu. Mtopanga hakuna kisichofika. Na akiliona akadhani nimemsema tena, basi yamekwisha, tutakuja kuzikana hatujasemezana. Niliazimia jalada langu lisimguse hata kwa bahati mbaya.

Tukaanza na picha yangu. Nilivaa gauni la lulu, nikapambwa, nikapigwa picha nimeegemea mlango wa nakshi wa watu. Nikawaonyesha wanawake wenzangu wa kikundi.  Mmoja akauliza, "Hapa ulikuwa ukimtizama nani?" Nikasema ninatazama kamera. "La," akasema, "jicho limekwenda kushoto." Wote wakakubali. Jicho limekwenda kushoto, na nyusi imeinuka kidogo. Yule wa kushoto ni nani? Wakaanza kuhesabu nyumba za kushoto kwangu. Picha nikaifuta papo hapo.

Tukafikiria leso, maua mekundu na pindo jeusi, itapendeza. Lakini leso bila jina ni kitambaa cha dirisha, na nikisema hivyo nimesharudi kwenye mapazia. Na ukitia jina, jina gani lisilomchoma mtu? Tulikaa na wenzangu mchana mzima tukitaja majina ya leso zote tunazozijua. Hata yale ya kumsifu mama, mmoja wetu alimjua mtu ambaye yangemwuma.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikakaa kizingitini. Uani mume wangu alikuwa amemaliza ubao mkubwa kuliko yote, upana wa kitanda, ameusimamisha ukutani ukauke. Pinki, kijani, njano, buluu, maziwa, mistari mirefu inapanda na kuteremka, mingine minene, mingine myembamba kama unywele, na matone yametapakaa kila mahali kama mchele uliorushwa harusini. Jua lilikuwa limeupiga. Nikautazama kwa mara ya kwanza bila kutafuta neno. Hauna jicho. Hauna jina. Haumtazami mtu wala haumsemi mtu. Na, Mungu ananiona, ulipendeza, ulinifanya nitake kuinuka nicheze.

"Bwana," nikamwita. "Hii ndiyo santuri yangu."

Alidhani namdhihaki, kwa sababu mara nyingi humdhihaki. Nilipomwapia, aliweka mkebe chini, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni rangi.

Fundi wa sauti alikuja kutoka Changamwe, akapanda juu ya banda la kuku, akaupiga picha ule ubao. Akasema huko ng'ambo walikuwapo wachoraji waliomwaga rangi chini namna hii hii, zamani, wakapata jina kubwa. Mume wangu akashika kiuno. "Kumbe nimeibiwa hata kabla sijazaliwa," akasema.

Nyimbo zikatoka kwenye simu siku ya Ijumaa. Kufika saa ya chakula cha mchana kundi la mtaa la kwenye simu lilikuwa limewaka moto. Si kwa nyimbo. Nyimbo walikuwa wameshazisikia. Ilikuwa ile picha ndogo ya mraba. Watu walikuwa wakiivuta kwa vidole viwili, wakiikuza, wakitafuta. Mwimbaji wa taarabu ametoa picha isiyo na neno: basi neno limefichwa, na likifichwa ni la mtu, na huyo mtu yumo mtaani.

Wa kwanza kuja alikuwa yule jirani wa mahamri. Alikuja na simu mkononi na unga bado viganjani.

"Hini pinki," akasema, "ni rangi ya chumba changu cha kulala. Yatafutani kwenye wimbo wako?"

Nikacheka, nikasema pinki ni pinki. Akanipeleka kwake kwa mkono, akanisimamisha chumbani, akaiweka simu ukutani. Haki ya Mungu, ilikuwa ile ile. Nikamwita mume wangu.

"Ni yako," akasema bila wasiwasi. "Ilibaki kidogo nikaibeba. Zote ni za mabaki. Kila nyumba nimepaka iko hapo."

Ningemziba mdomo kama ningewahi. Jioni ile hakukuwa na mtu Mtopanga ambaye hakujua. Sasa watu hawakuwa wakitafuta fumbo tena, walikuwa wakitafuta kuta zao. Ustadhi wa madrasa aliikuta kijani ya mlango wake juu kabisa, imepita juu ya rangi nyingine zote, akafurahi, akasema elimu imewekwa mahali pake, akatuombea dua. Jirani wa mahamri alikasirika kuwa pinki yake imelala upande kama mgongo wa mtu mvivu. Kisha ikafika kwa wake wenza wawili wa mtaa wa pili, mke mkubwa chumba chake njano, mke mdogo buluu. Wakakuza picha. Buluu ilikuwa imepita juu ya njano, mara tatu, tena kwa mbwembwe. Mume wao alikuja kwangu anatoka jasho, akaniuliza kama kuna njia ya kuipindua ile santuri. Mume wangu akamwambia aipindue tu, haina juu wala chini. Akaenda zake mbio na habari ile kana kwamba amepewa dawa.

 Usiku nikamwuliza mume wangu neno moja. Je, rangi ya shoga yangu imo?

"Haimo," akasema. "Tangu mkosane sijaitwa huko. Alipaka mwaka jana, akaita fundi mwingine wa Bombolulu. Kazi mbaya, unaweza kuona hata ukiwa barabarani."

Nikashusha pumzi. Haimo. Nikaswali rakaa mbili za shukurani na kulala usingizi wa mtoto.

Santuri zenyewe zilifika baadaye, ndani ya sanduku, nzito na nyeusi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na mashine ya kuzipiga. Tulizishika, tukazinusa. Jirani wa mahamri, ambaye kufikia hapo alikuwa akimwonyesha kila mteja mahali chumba chake kilipo, alisema jalada lile lingefaa kufunikia sinia. Niligawa chache kwa watu wa karibu. Kwa shoga yangu sikupeleka. Nilitaka kupeleka, wallahi, nilifika nayo mpaka mlangoni kwangu. Kisha nikafikiri, yule ametulia, hajaguswa, kwa nini nimguse?

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nikasikia hodi. Neno moja tu, na sahani niliyokuwa nikiosha ikaniponyoka ndani ya karai. Hodi ile niliijua kabla sijajua kusoma.

Alikuwa amesimama mlangoni ndani ya buibui lake, amenenepa kidogo, kumempendeza. Kwapani ana jalada langu. Baadaye nilijua jirani wa mahamri ndiye aliyempa, mdomo haukumkaa.

"Karibu," nikasema. 

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kuuliza neno moja, nikijibiwa naenda zangu."

"Uliza."

Akalitoa jalada, akalinyoosha mbele yangu kwa mikono miwili. "Miye niko wapi?"

"Wapi, vipi?"

"Humu." Akaligonga kwa kidole. "Tangu juzi nalitizama. Nimelipindua, nimelipeleka juani. Nimevaa miwani ya mama, Mungu amrehemu. Muuza mahamri yumo. Madrasa imo. Wake wenza wale wamo, wapigana. Hata yule muuza magodoro aliyehama na kodi ya watu, ukuta wake ni huu hapa. Mtaa mzima umeutia. Miye niko wapi?"

Nikamwambia ukweli, nikidhani ndio anaoutaka. "Wewe hukutiwa, shoga yangu. Haki ya Mungu hukutiwa. Nimehangaika usiwemo. Picha yangu niliifuta kwa ajili yako. Leso niliikataa kwa ajili yako. Nilitafuta kitu ambacho hakitakugusa hata kidogo, na nikakipata."

"Nimeona," akasema.

Alilisema polepole, na kidevu kikamtetemeka. Kidevu kile nakijua tangu chuoni, kikianza kutetemeka kuna jambo. Nami nikapangusa povu mikononi.

"Siku ya mapazia nalikasirika," akaendelea. "Nalilala na hasira, nikaamka nayo. Lakini nalijua waniona. Nilikuwa nikenda nyumbani nalia nikisema, huyu mwanamke anijua mpaka paa langu. Leo je? Watu wote wapita na simu zao, huyu niko hapa, huyu niko pale, wacheka, wagombana. Miye nakuza, nakuza, mpaka macho yauma. Kama kwamba sijapata kukaa Mtopanga hini."

"Ule wimbo haukuwa wako," nikasema, na machozi yameshanifika. "Ni wa yule mtunzi wa..."

"Wa Likoni. Hayo n'shayajua zamani. Kwani miye sina jamaa Likoni? Sikuuliza hayo."

Hakuuliza hayo, na mimi miaka mitatu mizima nilikuwa nimeyashika hayo tu, nimeyapanga vizuri kwa ajili ya siku atakayouliza. Kumbe jambo baya nililomfanyia halikuwa kumwimba. Nililia waziwazi, sikuona haya. Nikamwambia nimemkosa, nimeimba miaka mitatu kwa watu wasionisikia, na sina wa kunikosoa.

"Hilo lajulikana," akasema, huku anapangusa pua na pindo la buibui. "Wimbo wa tano ubeti wa pili mrefu. Nimeusikia kwenye simu nikalala."

Ningeweza kumbusu. Nadhani nilimbusu.

Mume wangu alikuwa amesimama mlango wa uani muda wote, anajifanya anasafisha brashi. Akakohoa. "Shikamoo, dada," akasema, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri. Hajawahi kujua nani wa kushikamoo. "Ule ubao wenyewe uko hapa nje. Bado una nafasi."

Tukatoka. Ubao ulikuwa umeegemea ukuta, mpana, umekauka zamani. Shoga yangu aliuzunguka kama anayechagua samaki, akanusa, akashika kidogo kwa ukucha. Nilimkumbusha kuwa jalada limeshachapwa na halitabadilika.

"Jalada ni la watu," akasema. "Hapa ndipo nitakaa. Nyumba yangu ni zambarau. Ipo?"

Zambarau haikuwapo. Mume wangu akachukua mabaki ya wekundu na mabaki ya buluu, akakoroga kwa kijiti, akaongeza, akakoroga, shoga yangu juu ya bega lake akisema bado, bado, hiyo ni damu ya mzee, bado, hapo. Tukaulaza ubao chini. Nikamfunga buibui kiunoni kwa leso yangu isichafuke. Akapewa mkebe uliotobolewa, akaushika mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika jogoo.

"Namwaga vipi?"

"We mwaga tu vile unaskia, mama."

"N'kikosea?"

"Hakuna kukosea."

Akanigeukia. "Huyu mume wako ni mjinga au ni walii?" Nikamwambia bado sijajua. Basi akaingia, hakuanzia pembeni, aliingia moja kwa moja katikati, akamwaga duara kubwa la zambarau, likapita juu ya pinki ya mahamri, juu ya njano na buluu za wake wenza, na alipoikaribia kijani ya mlango wa madrasa akasita, akasema astaghafirullahi, akapita chini yake kwa adabu. Kisha akasahau kuwa ni mtu mzima. Alizunguka akicheka, akiinua mkebe na kuushusha, matone yakanirukia mimi usoni, yakamrukia mume wangu kwenye kichwa chake cha upara, kuku wakakimbia. Jirani wa mahamri alitoa kichwa dirishani, akapiga kigelegele kabla hajajua kuna nini. Mimi nilikuwa naimba. Sijui nilianza saa ngapi.

Mkebe ulipokauka alisimama anahema, mikono zambarau mpaka viwikoni, akaitazama kazi yake. Ilikuwa imefunika karibu nusu ya mtaa.

"Haya," akasema. "Chai iko wapi? Au ulimfundisha mumeo Kiswahili ukasahau ukarimu? Na usitie tangawizi kama unavyotia siku zote, chai yako yawasha kama dawa ya kikohozi."

Nikaenda jikoni nikatia tangawizi mara mbili ya kawaida. Alikunywa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akaitukana chai na aliyeipika, akanyoosha kikombe nimtilie kingine.